Nyumba ya Kamba za Katani

Kila asubuhi Genoveva alifagia nyumba yake kuanzia chumbani, akaja sebuleni, akatokea ukumbini, na taka akazitoa kwa mlangoni. Angeweza kuzisukuma kokote, maana nyumba haikuwa na ukuta hata mmoja. Ilikuwa ni kamba tu, kamba ya katani iliyofungwa kwenye vijiti thelathini na kimoja, juu kidogo ya kifundo cha mguu, katika kiwanja kimoja cha Temeke ambacho mwaka ule wa 1948 kilikuwa bado na visiki vya mikorosho. Lakini nani amewahi kufagia taka akazipitisha ukutani? Alizitoa mlangoni, penye mawe mawili, kisha akasimama kidogo kizingitini kuangalia mawingu ya upande wa Mtoni.

Nyumba ile aliipima mumewe, Apolinari, kwa macho na kwa hatua. Apolinari alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Huko Bama, walikopigana na Wajapani, kazi yake ilikuwa kupiga kamba za mahandaki na mahema kabla wenzake hawajaanza kuchimba, kwa hiyo pembe zake zilikuwa pembe kweli. Vita vilipokwisha waliambiwa mbele ya gwaride kwamba mji hautawasahau: asiye na nyumba atapewa kiwanja, na boriti, na fito, na makuti ya kuezekea. Kiwanja alikipata. Alionyeshwa mipaka, akapewa karatasi yenye namba, akaonywa asijenge kibanda cha ovyo, angoje vifaa. Basi akawa anangoja, mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Banda la Kurasini walilokuwa wamejishikiza lilivunjwa kupisha ghala, nao wakaja kungojea boriti palepale zitakaposimamishwa.

Kamba alizipata huko huko Kurasini, alikokuwa kibarua wa kupakia katani. Vipande vilivyofagiliwa chini wapakiaji waliruhusiwa kuvichukua, naye akavifunga kimoja kwa kingine jioni baada ya jioni mpaka vikawa vyumba vitatu, sebule, ukumbi, jiko na ua. Dirisha la kila chumba lilikuwa utepe wa kitambaa cha buluu uliofungwa kwa kitanzi. "Upepo unaingia, mama Kokuberwa," Apolinari angesema akiwa amejinyoosha juu ya turubai lake la jeshi, na Genoveva angenyanyuka kulikaza lile fundo. Halafu wote wawili wangeona kweli upepo umepungua.

Aliyeanzisha mambo ya hodi ni Bi Mwajabu, jirani wa ng'ambo ya njia, Mzaramo wa hapohapo, mwenye nyumba ya vyumba vinne na watu kumi na mmoja ndani yake. Siku ya kwanza alikuja kuwakagua watu hawa wa bara, akamkuta Genoveva anakula ndizi. Kumwingilia mtu anakula bila hodi ni jambo ambalo Bi Mwajabu hajawahi kulifanya tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni kwa kuwa tu ukuta umechelewa.

"Hodi hapa! Hodi, wenyewe!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mie napitia wapi?"

"Mlango uko hapo, penye mawe."

Akazunguka, akapita penye mawe. Kesho yake muuza maji naye akazunguka, na muuza mkaa, na hata wale vijana wa kijiweni waliokuja kwa nia ya kucheka. Mwanzoni walicheka kweli. Lakini iko raha fulani katika kuingia nyumba ambayo haipo, mtu anashusha sauti bila kuambiwa, anatafuta pa kuweka fimbo yake. Mlevi mmoja aliwahi kuingia sebuleni akashindwa kutoka, akazunguka mle ndani akilia aonyeshwe njia, mpaka Apolinari akamshika mkono akamtoa mlangoni. Yule mtu alishukuru mno.

Mimi nasema walikuwa na nyumba. Waliokuwa nje yake ndio waliokuwa na shida ya kuiona.

*

Kitu kimoja tu hakikuwemo ndani ya nyumba hiyo, nacho ni Kokuberwa, binti yao wa miaka sita. Masika yaliyopita alilala juu ya turubai lililolowa akashikwa na kifua, akapumua kwa mluzi wiki mbili nzima, na Genoveva akamwona kabisa anaondoka. Ndipo wakamkabidhi kwa watu wa kwao Bukoba waliokuwa Kurasini, Leonardi, karani wa reli, na mkewe Kokushubila, akae huko chini ya bati mpaka wazazi wake wapate paa. Kila Jumapili baada ya misa Kokushubila alimleta Temeke kuwaamkia.

Hakuna aliyeziheshimu kuta zile kama mtoto huyu. "Mama, umekanyaga ukuta!" angepiga kelele, na Genoveva angerudisha mguu. Chumba chake kilikuwa kile kidogo, kinachopakana na cha mama. Akifika tu aliingia humo, akalala chali, akafumba macho kidogo, akaamka akasema amelala vizuri.

Jumapili moja mwishoni mwa Februari, Kokushubila alibisha hodi, akapita mlangoni na viatu vyake vya kisigino na mwavuli wake mweusi, lakini hakuketi.

"Kaa basi, dada," Genoveva alisema. "Kahawa hii hapa."

Ilikuwa kahawa ya kwao, zile buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, za kutafuna. Mgeni wa Mhaya hupokelewa nazo kiganjani. Kokushubila alichukua mbili, akazishika bila kuzitia mdomoni.

"Leonardi amehamishiwa Tabora," alisema.

"Lini?"

"Treni ya Jumamosi. Siyo hii, ile ya pili."

Chumbani Kokuberwa alikuwa anajiimbia. Apolinari aliweka chini kijiti alichokuwa anakichonga.

"Na mtoto?" akauliza.

"Ndilo lililonileta, shemeji. Mkipata paa kabla ya Jumamosi hiyo, namleta hapa na nguo zake zote, na Mungu ni shahidi. Msipolipata, siwezi kumwacha mtoto wa kifua kwenye umande na masika hayo mlangoni. Atakwenda na sisi. Huko iko shule ya masista. Atasoma, atavaa, hatakosa kitu."

"Mpaka lini?" Genoveva aliuliza.

Kokushubila alizitazama zile buni mkononi. Hakuwa na mtoto, miaka tisa ya ndoa, na hilo kila aliyekuwa sebuleni alilijua na hakuna aliyelisema. Alimpenda Kokuberwa. Hapo ndipo penye hatari, na Genoveva aliiona.

"Mpaka mtakapokuwa tayari," Kokushubila alisema, akazitia kahawa mdomoni.

*

Jumatatu Apolinari aliomba ruhusa ghalani, akaenda mjini kwenye ofisi ya viwanja. Alivaa kaptula yake ya jeshi iliyopigwa pasi ya kulaliwa, na nishani kifuani. Karani wa dirishani alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Apolinari. Umo. Wiki hii tarishi anapita kwa kila askari kuangalia nani ana nyumba na nani hana. Asiye na nyumba anapakiwa vifaa vyake hukohuko kabla ya Ijumaa."

"Vipo?"

"Si hivyo uani? Huna macho?"

Alikwenda kuviona. Boriti za mikoko zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, nyekundu, bado zinanuka tope la Rufiji, na makuti yamerundikwa hadi usawa wa dari. Apolinari aligusa boriti moja. Alikuwa ameiona nyumba yake kwa mara ya kwanza huko Bama, miezi ya mvua isiyokatika, amelala handakini maji yakiwa mgongoni. Usiku huu aliweka mlango, usiku ule dirisha, na siku aliyolala na homa aliweka ua mzima na mgomba ndani yake. Lakini boriti hakuwahi kuziona ndotoni. Ndotoni paa lilikaa lenyewe. Sasa alizihesabu zake kwa macho, hizi za sebule, hizi za chumba cha mtoto, na aliporudi Temeke alitembea njia nzima bila kuona alikokanyaga.

"Tarishi anakuja," alimwambia mkewe. "Anakuja kutuangalia."

"Lini?"

"Wiki hii. Akishatuona tu, tunaletewa."

Basi Genoveva akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwao angelifanya akisikia mgeni mkubwa anakuja. Alikwenda bondeni Mtoni akakata majani mabichi, akayatandaza sakafuni sebule nzima, kama sakafu za Bukoba zinavyotandikwa siku ya heshima. Alikaza kamba zilizolegea. Alibadilisha tepe za madirisha. Hakuna aliyewaza, si yeye, si mumewe, si Bi Mwajabu aliyeleta mkeka wake wa ukili ili mgeni akalie, kwamba mtu anayekuja kuthibitisha kuwa huna nyumba hatandikiwi.

*

Tarishi alikuja Jumatano saa nne asubuhi, Apolinari akiwa kazini. Jina lake Albano, mtu mrefu, mkimya, mwenye sare ya kaki na kibati cha namba kofiani. Alilinganisha namba ya kiwanja na karatasi yake, akainua mguu kuvuka kamba.

"We bwana!" Bi Mwajabu alipayuka kutoka barazani kwake. "Kwenu mnaingia nyumba za watu kwa ukutani?"

Mguu wa Albano ulibaki hewani. Akautazama, akaurudisha chini. Akazunguka polepole mpaka penye mawe mawili, akavua kofia.

"Hodi."

"Karibu ndani," Genoveva alisema.

Alikalishwa mkekani. Majani yalinukia vizuri. Genoveva alipiga goti, akampa kahawa kiganjani, naye akaipokea kwa mikono miwili, akatafuna. Kunguru walipita juu ya sebule.

"Mume wangu yuko kazini," Genoveva alisema. "Lakini wewe uliza tu."

"Nimetumwa kuangalia makazi, mama."

"Angalia basi, usione haya. Hapa ulipo ni sebuleni. Ule ni ukumbi. Chumba chetu hiki. Kile cha wageni. Jiko nimeliweka kule ili moshi usirudi ndani, ijapokuwa mume wangu alilitaka huku."

"Na hicho kidogo?"

"Cha mtoto. Yuko Kurasini kwa sasa. Anarudi."

Albano alikuwa akilala na wanaume watano katika chumba kimoja cha kupanga, kitanda cha zamu, na mkewe na wanawe walikuwa Songea mwaka wa nne huu. Alisimama akaenda mpaka kwenye kile chumba kidogo. Hakuingia. Alisimama nje ya kamba kama watu wanavyosimama kwenye mlango wa chumba alimolala mtoto, akautazama ule utepe wa buluu ukipeperuka. Mkononi alikuwa na karatasi yenye safu mbili, na kazi yake ilikuwa kuweka alama katika mojawapo, ana nyumba au hana nyumba. Hakuna aliyemweleza safu hizo ni za nini. Alichokijua ni kwamba mwezi uliopita alipewa orodha nyingine ya wasio na nyumba, na watu wale aliwasaidia polisi kuwapandisha lori, wakarudishwa bara na vifurushi vyao.

Ladha ya kahawa ilikuwa bado ulimini mwake. Angewezaje kutoka kwa mwanamke huyu akaandike kwamba hana nyumba?

"Nyumba nzuri," alisema.

"Ahsante, baba."

Aliaga, akatoka, na pale mlangoni aliinamisha kichwa kidogo, kwa sababu alikuwa mrefu.

"Ni mtu mwema," Genoveva alimwambia Bi Mwajabu.

"Kala kahawa yako yule. Hatakusahau."

*

Ijumaa ilipita. Jumatatu, Jumanne, zikapita. Malori yalileta boriti kwa askari mwingine mtaa wa pili, na kwa mwingine karibu na kisima. Jumatano Apolinari alirudi dirishani.

"Wewe una nyumba," karani alisema.

"Nani kasema?"

"Tarishi. Hii hapa alama. Pisha wenzako."

Apolinari hakupisha. Alisimama palepale wima, mikono ubavuni, hivyo hivyo alivyofundishwa, na foleni ikaanza kumzonga, mpaka karani akachoka akaenda ndani kumwambia Bwana Shauri, mkubwa wa ofisi, kwamba kuna askari mkaidi. Aliachwa varandani mpaka adhuhuri. Kisha akaitwa. Mlangoni karani alimshika begani.

"Hicho kidude cha kifuani kitie mfukoni. Hapa si gwaride."

Akakitia mfukoni. 

Bwana Shauri alikuwa kijana wa Kiingereza, aliyeungua jua puani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi kuliko cha karani. Hakuwa mtu mkali. Alimwita Albano.

"Uliona nyumba ya mtu huyu?"

"Niliiona, bwana."

"Uliingia ndani?"

"Niliingia. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa sebuleni." Albano hakumtazama Apolinari. "Nilitafuna kahawa, bwana."

"Basi. Unataka nini zaidi?"

"Bwana," Apolinari alisema, "nyumba yangu ni kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba za katani. Nimezifunga chini. Hakuna ukuta, bwana. Hakuna paa."

Karani alicheka kwa pua. Nje, uani, watu walikuwa wanapakia makuti, na kwa muda Apolinari hakusikia kitu kingine ila mlio ule mkavu wa makuti yakiburutwa.

"Kwa hiyo huna nyumba," Bwana Shauri alisema.

"Sina, bwana."

 Hakuwahi kulisema neno hilo kwa sauti. Alihisi kana kwamba amevuka kamba na viatu.

Bwana Shauri alivuta kitabu kingine, akafungua mahali palipokunjwa. "Nisikilize vizuri. Ukiwa na nyumba, kiwanja ni chako, na vifaa huvihitaji. Ukiwa huna, basi mwaka umepita na hukujenga, kwa hiyo kiwanja kinarudi serikalini. Tena mtu anayekaa mjini bila nyumba ni mzururaji, na wazururaji ni kazi ya polisi. Niandike lipi?"

"Lakini niliambiwa nisijenge. Niliambiwa ningoje vifaa."

"Nani alikwambia?"

"Ofisi hii, bwana."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo."

Bwana Shauri alingoja, kalamu mkononi. Aliamini kabisa kwamba anamtendea mtu huyu hisani, na jioni ile alikula chakula chake kwa amani. Apolinari aliitazama ile kalamu. Bila kiwanja, mtoto hana pa kurudi hata baada ya miaka kumi. Na ndani ya lori la polisi angepelekwa Bukoba, ambako walipata habari kwamba amekufa Bama, wakamlilia, wakamaliza matanga, na mdogo wake akarithi kibanja, shamba la migomba la ukoo. Hakuna mtu huko aliyekuwa anamngoja.

"Andika ninayo nyumba," alisema.

Albano alimfuata mpaka nje ya geti, kofia mkononi.

"Kaka, wallahi nilidhani nakuokoa."

Apolinari alimchukia kwa muda wa kuvuka barabara moja. Kisha akashindwa kuendelea.

"Ulipita mlangoni," alisema. "Wengi wasingepita."

*

Genoveva aliposikia habari hizo hakulia papo hapo. Alikusanya yale majani ya sakafuni, yaliyokuwa yamekauka, akayatoa kwa mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemkaribisha," alisema.

"Hukukosea."

"Nilimwonyesha na jiko! Nilimwonyesha na jiko, Apolinari! Nikamwambia moshi haurudi ndani!"

"Basi, mama Kokuberwa."

"Na wewe na kamba zako. Nani alikwambia utufungie kamba? Tungekaa chini ya mkorosho kama watu wengine wasio na kwao, angekuja akatuona!"

Aliingia chumbani. Apolinari akaingia kile cha wageni. Walikaa huko mchana kutwa, kila mtu kwake, hatua tatu tu kati yao, na hakuna aliyemwona mwenzake akilia, kwa kuwa ukuta ulikuwepo. Bi Mwajabu alileta uji, akabisha hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika, naye akauacha mlangoni, akarudi kwake.

*

Jumamosi mawingu yalishuka tangu alfajiri. Lori la mizigo la Leonardi lilisimama barabara ya Kilwa, na Kokushubila akaja na mtoto kwa miguu kuaga. Kokuberwa alikuwa na gauni jipya na soksi nyeupe. Hakuambiwa mengi, lakini watoto huambiana wenyewe kwa wenyewe, na uso wake ulionyesha kwamba anajua.

"Hodi," alisema mtoto.

"Karibu," Apolinari alisema.

Aliingia. Akaenda moja kwa moja chumbani kwake, akalala chali na gauni lake jipya, akafumba macho. Wakubwa walisimama sebuleni wakimngoja. Alikaa humo kuliko siku zote. Kisha wakamsikia akinyanyuka, akishughulika na jambo fulani, akatoka, akamkumbatia mama, akamshika baba mkono.

"Nimelala vizuri," alisema.

"Twende, mwanangu," Kokushubila alisema. "Treni haingoji." Macho yake yalikuwa mekundu. Nalisema hilo ili asije akachukiwa na mtu.

Wakatoka mlangoni. Wakashika njia, mwavuli mweusi na soksi nyeupe, wakapita kwa Bi Mwajabu, wakapita kisima. Genoveva alisimama katikati ya sebule, mikono imeshika kanga yake kifuani. Alikuwa amejiapiza kwamba hatapiga kelele, na hakupiga. Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, machache. Honi ya lori ililia barabarani.

Ndipo Kokuberwa akageuka.

"Mama!" aliita. "Usihangaike! Dirisha langu nimeshalifunga, mvua haitaingia!"

Genoveva alikimbia. Hakuzunguka. Hakuutafuta mlango. Alipita ukutani moja kwa moja, kamba ikamkamata kifundoni, vijiti vikang'oka kimoja baada ya kingine, pa, pa, pa, naye hakusimama. Ukuta wa sebule ulimfuata njiani, na ukumbi ukafuata, na chumba cha wageni, mafundo yote yale ya jioni zote zile yakiburutwa mavumbini nyuma ya mwanamke mmoja. Watu walitoka majumbani. Vijana wa kijiweni walisimama, na hakuna aliyecheka. Apolinari alibaki wima pale alipokuwa, akiitazama nyumba inavyoondoka pande zote mpaka akajikuta amesimama uwanjani.

Genoveva aliwafikia karibu na barabara, akamnyakua mtoto.

"Atalala wapi, Genoveva?" Kokushubila aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Sijui."

"Kifua chake..."

"Nakijua kifua chake. Mimi ndiye niliyekizaa."

"Mvua hii hapa, dada. Hii hapa inaanza."

"Naiona."

Walitazamana. Leonardi alikuwa amefungua mlango wa lori, anaita. Kokushubila alishusha kifurushi cha nguo za mtoto begani, akakiweka chini polepole. Kisha akauchukua mwavuli wake, akaufungua, akautia mkononi mwa Kokuberwa, akamfunga vidole vyake kwenye mpini kimoja kimoja. Akageuka akapanda lori, na kofia yake nzuri ikalowa kabla hajafunga mlango.

*

Walirudi chini ya mwavuli, mama akiwa bado na kamba mguuni. Kiwanjani palikuwa pamebaki yale mawe mawili, na kipembe kimoja cha chumba cha mtoto, vijiti viwili na utepe wa buluu uliofungwa kitanzi maridadi. Apolinari alikuwa amepiga magoti, anakusanya kamba kifuani.

Kokuberwa alisimama penye mawe. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha mwavuli kidogo kama inavyompasa mtu anayeingia ndani.

"Hodi," alisema.

Apolinari aliinua kichwa, kamba zikiwa kifuani. 

"Huko hakuna mtu, mwanangu!" Bi Mwajabu alipaza sauti kutoka kwake. Alikuwa amekwisha kuwasukuma wajukuu upande mmoja wa baraza, anakung'uta mkeka ule wa ukili. "Wenyewe wa hapo wako huku. Haya, njooni, piteni mlangoni kama watu."

Wakavuka njia. Watu kumi na mmoja wakawa kumi na wanne, magoti kwa magoti, na mvua ikaachia. Ilinyesha sebuleni, ikanyesha ukumbini na jikoni, maji yakatiririka mpaka kwenye mawe ya mlango. Huko mjini, ndani ya kitabu kikavu, jina la Apolinari lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi mzuri kwamba ana nyumba. Kamba zote zilikuwa mapajani mwake, zinavuja.

Kokuberwa alimwegemea. Ng'ambo ya njia, ule utepe wa buluu ulionekana bado, umelowa, umekaza.

"Tata," alisema, kama watoto wa kwao wanavyowaita baba zao, "unaona? Nililifunga."

"Naona," Apolinari alisema. "Halijaingia hata tone."